Taka za majumbani Arusha: nani huzoa, nani hununua

Arusha ilikua pembeni ya boma ambalo Wajerumani walilijenga kati ya mwaka 1899 na 1900, katika ardhi iliyokatwa na mito ya Themi na Naura chini ya Mlima Meru. Miaka hiyo taka za nyumbani hazikuwa na safari ndefu. Kwenye miteremko ya mlima, maganda ya ndizi na mabua ya mahindi yalikwenda kwa ng'ombe zizini, na samadi ikarudishwa mgombani. Majivu na vigae viliishia shimoni nyuma ya nyumba. Mjini, chini ya Waingereza, taka zikawa jambo la bwana afya na sheria za mji, na mgawanyo wa makazi ulikuwa wazi: Uzunguni kwa Wazungu, mitaa ya maduka kwa Wahindi, Kaloleni na Ngarenaro kwa Waafrika.

Baada ya Uhuru, kilichopunguza taka zaidi ya gari lolote la halmashauri kilikuwa uhaba. Katika miaka ya 1970 na 1980 kitu kilichoweza kutumika tena hakikutupwa. Debe la mafuta ya kula lilipimia mahindi, na likichoka, fundi bati alilikata akatengeneza koroboi. Gazeti na daftari la shule lililojaa vilifungia karanga na maandazi. Tairi lililokwisha liligeuzwa kuwa katambuga, viatu ambavyo Wamaasai na Waarusha wamevivaa kwa miaka mingi na ambavyo bado vinauzwa sokoni. Soda na bia zilikuwa na utaratibu wao mkali kuliko wote: asiye na chupa tupu aliacha rehani dukani, na kreti ya chupa tupu ilirudi kiwandani kuoshwa na kujazwa upya. Hakuna aliyeuita mpango wa mazingira, lakini ni vigumu kutaja utaratibu mwingine wa Arusha uliorudisha chupa nyingi namna hiyo.

Upande wa serikali mambo yalikwenda kwa kusuasua. Mwaka 1972, chini ya sera ya madaraka mikoani, serikali za mitaa zilianza kuvunjwa, na halmashauri za miji zikarejeshwa mwaka 1978. Katikati hapo kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, iliyohimiza usafi kwa redio na vikundi vya kusoma. Kampeni huhamasisha watu, ila haibebi taka. Mji nao ulikuwa ukijaa: sensa ya 1967 ilikuta wakazi 32,000 hivi, ile ya 2012 ikakuta 416,442, na ya 2022 ikafikia 617,631. Vizimba vya taka vilivyojengwa mitaani vilifurika kila gari lilipoharibika au kukosa mafuta, na makorongo ya mito yakawa dampo la karibu.

Dar es Salaam ndiyo iliyovunja mazoea. Mwaka 1994 ilianza kukabidhi uzoaji wa katikati ya jiji kwa kampuni binafsi, Multinet Africa, kisha ikaingiza vikundi vya kijamii. Miji mingine ilifuata njia hiyo, Arusha ikiwamo. Hapo taka zikawa na ankara. Kaya ilianza kulipa ada, kikundi au mkandarasi akapita na guta au lori, na mwenyekiti wa mtaa akawa msuluhishi kati ya wasiolipa na wasiozoa. Taka hutolewa nje ndani ya kiroba, maganda, chupa, nepi na majivu pamoja.

Sheria ilitaka vingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, pamoja na kanuni za taka ngumu za 2009, inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa na inazipa serikali za mitaa jukumu la kusimamia. Fedha zilizofuata zilikwenda zaidi mwisho wa safari kuliko mlangoni. Kupitia mradi wa miji ya kimkakati, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na msaada wa Denmark, Arusha ilipata barabara za lami na dampo la kisasa huko Muriet. Dampo la namna hiyo huchimbwa na kutandikwa utando wa kuzuia maji machafu yasizame ardhini. Ni hatua kubwa kwa afya ya mji, lakini kiroba kilichochanganywa nyumbani hufika Muriet kikiwa kimechanganywa vilevile.

Anayetenganisha ni mwokota chupa. Hutangulia gari la taka alfajiri, hufungua viroba, huchukua chenye mnunuzi. Chuma chakavu kilikuwa na soko tangu zamani. Chupa za plastiki zilijiunga nacho maji ya chupa yalipoenea. Kwenye yadi ya mnunuzi salfeti iliyojaa chupa huning'inizwa kwenye mizani, na bei huwa kwa kilo, ndiyo maana chupa hukaguliwa isije ikawa na maji ndani. Lebo huchanwa na vifuniko hung'olewa, kwa kuwa kifuniko ni plastiki ya aina nyingine. Kinachosalia hutenganishwa kwa rangi, kisha husagwa kuwa vipande na kuoshwa. Katika maji vipande vya chupa huzama na vya kifuniko huelea, na kwa njia hiyo masalia ya mwisho huondolewa.

Kioo kisicho cha rehani kina wanunuzi wachache. Shanga, karakana iliyoanzishwa Arusha mwaka 2007 na inayoajiri watu wenye ulemavu, huyeyusha chupa na kuzigeuza glasi, vyombo na shanga zinazonunuliwa zaidi na watalii. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga za masokoni yana mteja wa kale, mfugaji wa ng'ombe wa ndani, mradi hayajachanganyika na plastiki. Yakishachanganyika hayamfai tena.

Mifuko ya plastiki, yaani rambo, haikupata mnunuzi. Ilikuwa myepesi na michafu mno kupimwa kwa kilo, hivyo ilisafiri kwa upepo na mvua. Themi hupita katikati ya jiji, na Nduruma hushuka mashariki yake kuelekea mashamba ya umwagiliaji. Maji ya mito yote miwili huishia mto Kikuletwa. Mifereji ya wakulima wa chini hupokea kilichoachwa juu. Juni 1, 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko hiyo, karibu miaka miwili baada ya Kenya, na mifuko mbadala ikachukua nafasi. Vifungashio vyepesi vya vyakula havikuguswa na katazo hilo. Vikageuzwa vibebeo madukani, hadi mamlaka za mazingira zilipolazimika kutangaza kwamba matumizi hayo nayo ni kosa. Mwokota chupa huviacha kizimbani, kwa sababu ileile iliyomfanya aiache rambo.