Fidia si Kifuta Machozi

Barua nyingi za wafanyakazi walioumia huwa na kichwa cha namna moja, kimepigiwa mstari: YAH: KUOMBA KUFIKIRIWA UPYA MALIPO YA FIDIA. Kidole kimebaki kwenye msumeno wa kiwanda, asilimia ya ulemavu aliyoandikiwa haimridhishi, na bado mwenye kidole anaomba, tena anaomba kufikiriwa. Karani hajafungua bahasha, mwandishi ameshapiga magoti.

Tuanze na fidia yenyewe. Asili yake ni fidya ya Kiarabu, malipo ya kumkomboa mateka, na Mwislamu asiyeweza kufunga kwa uzee au maradhi yasiyotarajiwa kupona anaijua kwa chakula anachompa maskini kwa kila siku iliyompita. Huko kote, fidia inamtoka mwenye deni, na atoaye ndiye anayevuliwa mzigo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu fidia ya wanaoumia kazini inalionyesha hilo waziwazi: kifungu cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake kudai malipo nje ya sheria hiyo. Mwajiri amejikomboa. Anayepokea fidia, basi, hajafadhiliwa na mtu, na neno fidia halihitaji kubadilishwa, linahitaji kukumbukwa.

Jirani wa fidia ni dia, malipo ya damu. Wanafiqhi waliipangia viungo vyake zamani: mtu mzima ngamia mia, kidole ngamia kumi, jino ngamia watano. Wanaodhani jedwali la viungo na asilimia ni uvumbuzi wa makampuni ya bima wakawaulize masheikh.

Neno la kuogopwa ni kifuta machozi, pamoja na nduguye kifuta jasho. Tanzania imeyapa maneno haya mahali rasmi: kanuni za mwaka 2011 kuhusu wanyamapori hatari zinatoa kifuta jasho kwa shamba lililoliwa na tembo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Huko yamekaa sawasawa, maana serikali inatoa pole, hailipi deni. Lakini msimamizi wa kiwanda anapomwambia aliyekatwa mkono, “Ndugu yangu, pokea hiki kifuta machozi,” amelihamisha jambo kutoka kwenye haki na kulitia kwenye huruma. Na nani atakata rufaa dhidi ya huruma?

Ajali nayo ina lake. Kwa Waarabu, ajal ni muda uliokadiriwa, siku ya mtu iliyoandikwa, na Kiswahili hakijaisahau maana hiyo. Tunasema ajali haina kinga tukimaanisha kudura. Mashine iliyoondolewa kifuniko chake ilikuwa na kinga, mtu ameivua. Kwenye fomu ningependa tuandike kuumia kazini, kitenzi kinachoacha nafasi ya kuuliza kilichomuumiza mtu ni nini.

Uamuzi ndio unaonisumbua zaidi. Kuamua, kabla hakujaingia ofisini, ni kuwatenganisha wanaopigana. Mwamuzi husimama katikati, kama yule wa mpira mwenye filimbi. Sasa ofisi inayopima dai, ikaweka kiwango, na ikawa yenyewe ndiyo mlipaji, imesimama katikati ya nani na nani? Kauli yake ya kwanza ni tathmini, au kwa lugha ya nyumbani, jibu. Tukiliita jibu, aliyeumia ataona kuwa jibu linajibika. Tukiliita uamuzi, wengi hukunja karatasi wakaiweka chini ya godoro.

Hapo ndipo panapokuja rufaa, na hapa lugha yetu imefanya kazi nzuri. Kwa Kiarabu, rafaa ni kuinua. Tanzania ina Mahakama ya Rufani, Kenya ina Mahakama ya Rufaa, na kote kuwili kuna hospitali za rufaa, ambako ugonjwa ulioishinda zahanati hupandishwa. Aliyeumia kazini anaweza kupita rufaa zote mbili, mwili wake kwanza, kisha karatasi zake. Tena rufaa hukatwa, kama shauri, tiketi na bima zinavyokatwa. Haiombwi.

Lakini kuinua ni kuinua. Kumrudia aliyekujibu mwanzo si rufaa. Kenya inatofautisha: asiyeridhika ana siku 60 za kupeleka pingamizi kwa mkurugenzi yuleyule aliyemjibu mwanzo, naye hujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, baada ya jibu hilo zinabaki siku 30 za kwenda mahakamani, na hiyo ndiyo rufaa. Pingamizi limetokana na kupinga, kuweka kitu mbele ili kingine kisipite, nalo linafaa. Wengine huandika marejeo, wengine mapitio, na magazeti huyachanganya kama pilau. Marejeo ningeyaacha kwenye mlango ule wa kwanza pamoja na pingamizi, maana mtu anarejea alikotoka, na rufaa ibaki ya mlango wa juu peke yake. Anayeyachanganya hukaa anasubiri jibu la “rufaa” ambayo haijawahi kupanda, siku zikahesabika.

Kwenye dai kuna mtego. Kudai ni kutaka kilicho chako, lakini waandishi wa habari wamelitia shaka: “Anadai kuumia akiwa kazini.” Anayesoma anasikia huenda anadanganya. Wenzangu wa vyumba vya habari, andikeni anasema, au anaeleza, mtuachie dai kwa mwenye haki yake.

Neno moja niliseme kwa furaha. Utengamao, jina la huduma za kumrudisha aliyeumia kwenye maisha na kazi. Limetoka kwa kutengamaa, kukaa sawa baada ya kuvurugika. Aliyelichagua hakukopa wala hakutafsiri sisisi, alilikuta nyumbani. Kwa nini kichwa cha barua kisipate bahati hiyo?

Basi wewe katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, unayewaandikia wenzako barua hizi jioni, futa KUOMBA KUFIKIRIWA. Kwa ofisi iliyokujibu andika YAH: PINGAMIZI DHIDI YA TATHMINI YA FIDIA. Kwa mahakama andika RUFAA. Na weka tarehe.