Dozi ya Dawa za Kulegeza Misuli: Kutoka Montreal hadi Kakamega

Dawa za kulegeza misuli huzuia ujumbe wa neva usifike kwenye msuli. Mgonjwa aliyepewa dozi kamili hawezi kuinua kidole wala kuvuta pumzi, ila husikia na huumia kama kawaida asipolazwa usingizi kwa dawa nyingine. Hatari hiyo ndiyo iliyoongoza historia nzima ya dozi ya dawa hizi.

Chanzo cha dawa hizi ni kurare, sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika Kusini. Tarehe 23 Januari 1942, Harold Griffith na Enid Johnson waliitumia katika upasuaji mjini Montreal, Kanada. Mwaka 1952 polio, ambayo nayo hulemaza misuli ya kupumua, iliukumba mji wa Copenhagen. Daktari wa nusukaputi Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa wapulizwe hewa kupitia tundu la kooni, na wanafunzi wa udaktari wakabana mifuko ya hewa kwa zamu, usiku na mchana. Huko ndiko vilikoanzia vyumba vya wagonjwa mahututi. Mwaka 1967 David Ashbaugh na wenzake walieleza habari za wagonjwa 12 ambao mapafu yao yalikakamaa ghafla na kushindwa kupitisha oksijeni.

Mgonjwa wa namna hiyo akishindana na mashine ya kupumulia, shinikizo la hewa huweza kuyachana mapafu. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio la wagonjwa 340 waliopewa ama sisatrakuriamu, dawa ya kulegeza misuli, ama dawa bandia. Dozi ilikuwa miligramu 15 kwa mkupuo, kisha 37.5 kila saa kwa saa 48, bila kujali uzito. Matokeo yalitia moyo. Jaribio la Marekani la mwaka 2019, lenye wagonjwa 1,006, lilitumia dozi hiyo hiyo, lakini vifo vilikuwa asilimia 42.5 kwa waliolegezwa na 42.8 kwa wengine waliolazwa usingizi mwepesi. Tangu hapo si kila mgonjwa wa namna hiyo hupewa dawa hizi. Hutumika hali inapokuwa mbaya sana, kwa muda mfupi.

Majaribio hayo mawili yalipokea wagonjwa ambao uwiano wa oksijeni ya damu kwa ile wanayovuta ulikuwa chini ya 150. Kakamega, magharibi mwa Kenya, iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kikomo hicho kikirekebishwa kwa mwinuko, hushuka hadi karibu 125.

Kwa hospitali za eneo hili kuna msaada kutoka Afrika Mashariki hii hii: mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Kigali, Rwanda, walipendekeza ugonjwa huo wa mapafu kukakamaa utambuliwe kwa kipimo cha kidoleni na mawimbi ya sauti, pasipo kipimo cha gesi za damu.

Baadhi ya dawa zenyewe, zikiwemo atrakuriamu na suksamethoniamu, huhifadhiwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Pasipo jokofu, usingizi mzito na muuguzi asiyebanduka kitandani, dozi sahihi haitoshi.