Hesabu ya Verres

Wengi wanaofundisha habari za Warumi humtaja Verres kwa ajili ya sanamu alizoziiba katika mahekalu. Kweli aliziiba, lakini mimi nataka kuwaonyesha wasomaji hesabu yake.

Gaius Verres alianza kazi mwaka 84 kabla ya kuzaliwa Kristo, akiwa mtunza fedha wa jeshi la Carbo. Baadaye akaliacha jeshi lile, akakimbilia kwa Sulla, adui yake Carbo. Alipotoa hesabu aliandika maneno machache mno: amepokea sesterti 2,235,417, ametumia kwa mishahara, nafaka na maofisa 1,635,417, na 600,000 zilizobaki ameziacha katika mji wa Ariminum. Basi. Hakuna tarehe, wala jina la aliyelipwa. Na mji ule ulitekwa ukaporwa katika vita, hata haikufaa mtu kwenda kuuliza. Mimi hutunza daftari ya karo za watoto, na lau ningaliandika hivi, msimamizi angalinirudishia daftari siku ile ile. Verres hakurudishiwa; alipandishwa cheo.

Tangu mwaka 73 hata 71 alikuwa liwali wa Sisili, kisiwa kilicholisha Roma. Hazina ilimpa fedha za kununua nafaka kwa wakulima. Cicero, aliyemshtaki, alisema kwamba fedha zile zilikopeshwa kwa riba ya mbili katika mia kila mwezi, na faida ikaingia mfukoni mwa liwali. Tena alisema kwamba Verres alijisifu kuwa amegawanya mapato yake: ya mwaka wa kwanza ni yake mwenyewe, ya mwaka wa pili ni ya wakuu na mawakili wa kumkinga, na ya mwaka wa tatu, mwaka ulionona kuliko yote, ni ya waamuzi.

Wala hayo hayakuwa majivuno matupu, maana kwa sheria ya Sulla waamuzi wote walikuwa watu wa Seneti, wa cheo chake. Kwanza alitolewa mshitaki wa uongo, Caecilius, aliyekuwa mtunza fedha chini yake, Cicero akamshinda. Ndipo Cicero akaomba siku 110 za kutafuta ushahidi, akazunguka Sisili na kurudi kwa siku 50. Hila iliyobaki ilikuwa kuchelewesha. Baraza lilikutana mwezi wa Agosti mwaka 70, na sikukuu za michezo zilikuwa karibu. Kama kesi ingevuka mwaka, Hortensius, wakili wa Verres, angekuwa konsuli, na Metellus, rafiki yake, angekuwa mkuu wa baraza lenyewe. Cicero akaiacha hotuba ndefu ambayo watu waliitazamia, akasema kwa ufupi, akawaita mashahidi mara moja. Verres hakungoja hukumu. Alikwenda zake Massilia.

Mwaka uo huo sheria ilibadilishwa, Seneti ikaachiwa theluthi tu ya waamuzi.

Verres aliishi ugenini miaka ipatayo 27. Mwaka 43 Antonius aliagiza auawe, na husemwa kwamba ni kwa sababu ya vyombo vya shaba ya Korintho alivyokataa kumpa. Cicero naye aliuawa mwaka ule ule kwa amri ya watu wale wale. Habari za zile sesterti 600,000 za Ariminum, kwamba zilirudi katika hazina, sijazisoma mahali popote.