Wajapani wa Mangola na Majirani Zao wa Singida

Anayetaka kusoma habari za zamani za Unyambwa, kata ya Manispaa ya Singida, hana budi kupitia maandishi juu ya Wanyaturu, wenyeji wake. Liko andiko la Eberhard von Sick, ofisa wa Kijerumani, la mwaka 1915, miaka michache baada ya Wajerumani kuuzima upinzani wa Wanyaturu ulioongozwa na Liti Kidanka. Kipo kitabu cha Mmarekani Harold Schneider, aliyekaa Wahi, huko huko Singida, mwaka 1959 na 1960 akifuatilia jinsi ng'ombe, nafaka na mahari vilivyozunguka nyumba hata nyumba. Kipo pia cha Marguerite Jellicoe, cha mwaka 1978, ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote, maana kinayaona mabadiliko badala ya kuomboleza mila.

Hata hivyo, wote watatu walikuja kutafuta kabila. Ng'ambo ya Ziwa Eyasi, huko Mangola, Wajapani walikuta kitu kingine.

Msafara wa kisayansi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, ulioanzishwa na Imanishi Kinji, ulianza kazi Tanganyika mwaka 1961. Wengi huukumbuka kwa sokwe wa ukanda wa Ziwa Tanganyika. Kundi jingine lilipiga kambi Mangola, wakati huo ikiwa katika Wilaya ya Mbulu. Hapo waliishi Wahadzabe wawindaji, Wamang'ati wafugaji, Wairaqw, na wakulima wa makabila mengi ya Kibantu, wakiwemo Wanyiramba na Waisanzu kutoka upande wa Singida. Wakulima hao hawakuwa na ukoo mmoja wala mtemi mmoja. Walichokuwa nacho ni Kiswahili.

Ishige Naomichi wa kundi hilo, ambaye baadaye alipata sifa kwa utafiti wa vyakula, aliandika mwaka 1969 juu ya namna watu hao walivyokuwa wakigeuka Waswahili wa bara. Umesao Tadao, mwandishi wa insha aliyependwa sana Japani, alitoa kitabu chake cha nyika mwaka 1965. Mwaka 1969, katika kitabu kingine, akawafundisha Wajapani wa kawaida kunakili mambo kwenye kadi, jambo moja kadi moja, kisha kuzipanga upya hadi hoja ijitokeze. Kitabu hicho kidogo kilisomwa kuliko vyote alivyoandika juu ya Afrika. Ndivyo soko la vitabu lilivyo.

Wazaki Yoichi ndiye aliyezama zaidi. Mwaka 1977 alichapisha kitabu juu ya maisha katika ulimwengu wa Waswahili, na 1980 kamusi ya Kiswahili na Kijapani.

Nadhani Wajapani hawa waliuona mapema mkondo wa kugeuka Waswahili, ambao serikali iliusukuma baadaye kwa nguvu. Mwaka 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ya msingi imwandae mtoto kuishi kijijini, si kukikimbia kijiji. Azimio la Musoma la 1974 likafuata, likidai elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, katika miaka ileile ambayo watu walihamishiwa vijiji vya pamoja. Mtoto wa Kinyaturu akaketi darasani akifundishwa kwa Kiswahili, Kinyaturu kikabaki nyumbani. Mchanganyiko ambao Mangola uliletwa na wahamaji waliofuata ardhi na maji, Singida uliingia pia kwa mlango wa shule, na von Sick na Schneider hawatusaidii kuuelewa.