Nakala ya Ngurumo: Je, Pedali ya Kunasa Amplifaya Inafaa Kununuliwa?

Wapiga gitaa wana swali siku hizi, na kila ninapolisikia linaulizwa na mtu ambaye amekwisha kuhesabu hela zake mara mbili. Ninunue ile pedali ndogo inayonasa amplifaya, au niache? Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. ToneX One ya kampuni ya IK Multimedia ya Italia ilitoka mwaka 2024 ikiuzwa chini ya dola 200. Nano Cortex ya Neural DSP ya Ufini, ya mwaka huohuo, ilizidi dola 500. Zote mbili zina ahadi moja: sauti ya amplifaya kubwa, hata ile ya karibu kilo 30 ambayo huwezi kupanda nayo daladala, iingie kwenye begi lako.

Wauzaji hujibu swali hili kwa orodha ya sifa. Mimi naona linajibika vizuri zaidi kwa historia, maana ahadi yenyewe si mpya hata kidogo. Tangu zamani, sehemu kubwa ya hadithi ya gitaa la umeme ni hadithi ya watu kunakili kitu ambacho hawakuweza kukinunua.

Tuanze na hitilafu. Amplifaya ilibuniwa kwa kazi ya unyenyekevu: kuchukua mtetemo mdogo wa nyuzi na kuukuza bila kuubadili. Ndani yake mlikuwa na vali, zile chupa za kioo zinazopata moto na kuwaka wekundu hafifu, kama zilizokuwamo kwenye redio za mbao za babu zetu. Vali ikisukumwa kupita uwezo wake haizimiki. Inaibana sauti, inaikwaruza, inaitia chumvi. Kwa mhandisi huo ulikuwa ubovu. Lakini mwaka 1951, mjini Memphis, bendi ya Ike Turner ilirekodi "Rocket 88" kwa amplifaya iliyoharibika, spika yake ikiwa imejazwa karatasi ili iweze kufanya kazi. Gitaa la Willie Kizart likatoka na mkwaruzo ambao hakuna aliyeuomba. Sam Phillips, mwenye studio, akauacha ulivyo. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika zake kwa makusudi ili apate sauti ya "Rumble". Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alichana yake kwa wembe. Miaka 13 tu, na ubovu ukawa lugha.

Sasa twende London, maana huko ndiko nakala maarufu kuliko zote ilikozaliwa. Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma mwenye duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa jiji. Vijana wa gitaa waliokuja dukani, akiwemo Pete Townshend, walitaka amplifaya za Fender za Marekani, ila bei zake zilikuwa za kuumiza. Mwaka 1962 Marshall na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, waliifungua Fender Bassman, wakaufuata mchoro wa saketi yake karibu waya kwa waya, wakatoa JTM45. Wala Leo Fender naye hakuanzia hewani: alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na saketi zake za mwanzo zilitokana na michoro ambayo watengenezaji wa vali walikuwa wakiichapisha ili mafundi waitumie.

Lakini angalia kilichotokea Hanwell. Mafundi walitumia vifaa vilivyopatikana kwao: vali nyingine, transfoma nyingine, spika nne za Celestion kwenye kabati lililofungwa nyuma, wakati Bassman ilikuwa wazi kwa nyuma. Nakala ikatoka na sauti yake yenyewe, nzito zaidi na yenye hasira mapema zaidi. Mwaka 1966 Eric Clapton alirekodi na John Mayall akitumia Marshall, na kuanzia hapo watu wakaanza kuinakili nakala. Mpenzi wa fasihi hashangai. Mwalimu Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alikuwa na mchoro wa Shakespeare mkononi, ila vifaa vilikuwa vya Kiswahili, na kilichotoka hakikuwa Shakespeare mtupu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiondoa amplifaya kabisa. Mwaka 1982 Tom Scholz wa bendi ya Boston alileta Rockman, kisanduku cha kusikilizia kwa hedifoni. Mwaka 1989 ikaja SansAmp ya Tech 21, iliyoiga tabia ya vali kwa transista na saketi ndogo. Mwaka 1998 Line 6 wakatoa POD, kidude chekundu chenye umbo la haragwe, kilichoiga amplifaya nyingi kwa hesabu za kompyuta. Hizi zote zilikuwa njia za kusimulia. Mhandisi aliisikiliza amplifaya, akasoma mchoro wake, kisha akaieleza kwa maneno yake. Msimulizi akiwa hodari unaamini, akiwa mvivu unajua.

Mwaka 2011 Mjerumani Christoph Kemper alikuja na njia nyingine: usisimulie, ihoji amplifaya yenyewe. Mashine yake inatuma sauti za majaribio ndani ya amplifaya halisi, inasikiliza kinachotoka, halafu inajenga mfano wa tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka. Neural DSP na IK Multimedia wakaliendeleza wazo hilo kwa mitandao ya neva bandia, programu inayojifunza kwa kulinganisha. Na Steven Atkinson akatoa Neural Amp Modeler, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Hapa Kiswahili chetu kinanifurahisha. Tumekuwa na kinasa sauti miaka mingi, kile cha kaseti. Kinasa sauti kinashika wimbo. Pedali hizi hazishiki wimbo, zinashika tabia. Ukishanasa amplifaya, unaweza kupiga kitu ambacho haijawahi kupigiwa, na itajibu kama ambavyo ingejibu.

Ila kuna masharti, na hapa ndipo pochi inapotakiwa kusikiliza. Kwanza, mnaso mmoja ni mkao mmoja wa vifundo. Ukinasa amplifaya ikiwa na besi katikati na ukali robo tatu, umepata hiyo tu, kama picha ya pasipoti. Vifundo vya pedali vinaweza kuongeza na kupunguza, lakini mara nyingi hiyo ni kazi ya pedali na si ya amplifaya ile. Pili, mnaso haushiki vizuri mambo yanayoishi ndani ya muda, kama mwangwi. Tatu, pedali haina nguvu ya kusukuma spika. Lazima uichomeke kwenye mikseri, spika yenye umeme wake, au kompyuta. Nne, pedali zote hazinasi kwa namna moja: Nano Cortex inaweza kunasa yenyewe, lakini ToneX One inakuhitaji ufanye kazi hiyo kwenye kompyuta kwanza, kisha uihamishie. Watu wengi wanaagiza bila kujua hilo.

Sharti kubwa kuliko yote ni hili: ili kunasa, amplifaya yenyewe lazima iwepo, iwake, isikike. Unahitaji kinachoingia na kinachotoka, vyote viwili. Na sharti hilo linanirudisha nyumbani.

Fikiria magitaa ya muziki wa dansi wa Tanzania. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. DDC Mlimani Park ilikuwa mikononi mwa shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Katika mpango huo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa na vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Ukihama bendi, gitaa unaliacha, amplifaya unaiacha. Neno "mwenye vyombo" lilikuwa neno la mamlaka. Mpiga solo angeweza kujulikana Tanga mpaka Kigoma bila kumiliki hata waya wa kuchomekea.

Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi, na kwa hilo tuishukuru. Bila zile tepu tungebaki na simulizi. Lakini tepu imeshika kilichotoka tu: gitaa likiwa limechanganyika na tarumbeta, sauti za waimbaji na chumba chenyewe. Kilichoingia, yaani mtetemo mtupu wa nyuzi kabla haujafika kwenye vali, hakuna mahali kilipohifadhiwa. Kwa hiyo huwezi kuichukua tepu ya NUTA Jazz ukaitoa amplifaya ndani yake kama vile mtu anavyotoa mwiba. Mwenye vyombo aliposhindwa kununua spika mpya, fundi aliibandika iliyopasuka, na mbandiko huo nao ulikuwa sehemu ya sauti.

Historia ya ushairi wetu inalijua jambo hili. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa karibu mwaka 1840. Mashairi yake tunayo kwa sababu mwishoni mwa karne ile mmisionari William Taylor aliyakusanya akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, wakati ambapo bado kulikuwa na watu walioyabeba vichwani. William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Wangechelewa kizazi kimoja zaidi, mengi yangezikwa na wenyewe. Maktaba yoyote ni orodha ya vitu ambavyo mtu fulani aliona vinafaa kunaswa wakati bado vinapumua.

Fungua basi maktaba za minaso zinazokuja na pedali hizi. Utakutana na Fender, Marshall, Vox na Mesa/Boogie, kila moja kwa mikao kadhaa. Ni sauti nzuri, nami sina ugomvi nazo. Ila ni kumbukumbu ya Marekani na Ulaya, na ukizinunua kwa ajili ya kupata ile solo kavu, nyembamba, inayotembea kama mtu aliyevaa viatu vipya, utatafuta sana.

Sasa jibu. Kama huna amplifaya, unapiga kanisani au ukumbini ambako kila kitu kinapitia mikseri, au unarekodi chumbani na ukuta wa jirani uko hapo hapo, nunua, na ile ya bei ndogo inakutosha. Hesabu iko wazi: amplifaya ya vali iliyoundwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 inataka transfoma hapa kwetu kwenye volti 230, vali zake huchakaa na kubadilishwa, na usafiri wake ni gharama nyingine. Hapo uko upande wa wale vijana wa Hanwell, na hakuna aibu.

Kama tayari una amplifaya unayoipenda na kazi yako ni ya jukwaani, hela hiyo itengenezee spika. Na kama unatarajia pedali ikupe vidole, hakuna bei itakayotosha.

Lakini kuna mnunuzi wa tatu, ambaye natamani awe wewe. Huyu anajua ilipo amplifaya ya zamani: kwenye stoo ya ukumbi, kwa fundi redio, kwa mzee aliyestaafu bendi na bado anaiwasha siku za sikukuu. Kwake thamani ya kifaa si maktaba kinachokuja nayo bali uwezo wa kunasa, na pengine hahitaji hata pedali. Neural Amp Modeler ni bure. Anachohitaji ni kompyuta, kadi ya sauti, maikrofoni na idhini ya mzee. Amwombe mzee mwenyewe aweke vifundo pale alipokuwa akiviweka, anase, kisha aandike jina lake, jina la bendi na mwaka. Hiyo kazi ni ya mchana mmoja, na vali zile haziongezewi siku.