Koti la mvua la kamera na lenzi ndefu: tazama mshono kabla ya kitambaa

Sisi wa Pwani tukitajiwa mvua, akili hukimbilia masika ya Aprili na Mei. Ukifika Mtito Andei ukaingia Makueni, kisha ukashika njia ya Kibwezi kwenda Mutomo na Kitui, hesabu hubadilika. Ukambani mvua ya kutegemewa ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Na hiyo ndiyo miezi ambayo wapiga picha wa huku kwetu hupanda kwa wingi: harusi za Desemba, mikutano ya hadhara, na ndege wahamiaji. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969 wataalamu huvisha pete ndege wanaoshuka usiku wa ukungu, Novemba na Desemba. Anayetaka picha hizo hana budi kukubali kulowa.

Nimezunguka kaunti hizo mbili mara nyingi na kamera begani, na swali ninaloulizwa na vijana wa fani hii ni moja: ninunue kifuniko gani kitakachodumu? Si swali dogo. Lenzi moja ya 150–600 hukaribia bei ya pikipiki ya bodaboda, na dhamana za watengenezaji kwa kawaida hazilipii maji. Kwa mwenye kamera moja, siku ya kulowa yaweza kuwa siku ya mwisho ya kazi.

Zamani dawa ilikuwa mfuko wa plastiki wa dukani na mpira wa kufungia. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na kuanzia 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zikazuiwa katika mbuga, misitu na fukwe zinazohifadhiwa. Kwa hivyo vile vifuko vyepesi vya kuvaa na kutupa havikufai. Nunua kitu cha miaka.

Usitegemee kamera yenyewe. Maneno kwamba kamera "inahimili hali ya hewa" hayana kipimo mpaka uone namba. OM-1 ya OM System, kwa mfano, ina namba IP53. Ile 3 maana yake ni kuhimili maji ya kunyunyiza kutoka juu na ya mshazari kiasi, si mvua ya upepo inayopiga kutoka kando. Kamera nyingi hazina hata namba hiyo.

Mshono. Hapa ndipo vifuniko vingi hufa. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Geuza kifuniko ndani nje: mshono mzuri umefunikwa kwa utepe uliobandikwa kwa moto, umelala bapa, haukunyanyuka pembeni. Ukiona uzi mtupu, rudisha, hata muuzaji akikusifia kitambaa namna gani.

Kitambaa. Namba ya milimita inayoandikwa ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa hubeba kabla ya kuvuja. Hema nyingi za kawaida huwa kati ya 1,500 na 3,000. Makoti mazuri ya mvua hufika 10,000 na zaidi. Tafuta kiwango cha koti. Kisha uliza utando wa ndani ni wa nini. Poliurethani huoza kwa joto na unyevu: huanza kunata, kisha hubanduka. Kwa anayeishi Mombasa, Kilifi au Lamu hilo ni jambo la kuangalia sana. Nailoni iliyopakwa silikoni huhimili zaidi, ingawa utepe wa kawaida hauishiki, kwa hivyo mishono yake huzibwa kwa gundi ya silikoni.

Kipimo. Pima lenzi ikiwa imenyooshwa mpaka mwisho, kikinga-jua kikiwa mbele, pamoja na kamera nyuma yake. Ongeza upana wa kiganja. Kifuniko kinachobana huvutika mishono kila unapovuta lenzi. Sehemu ya mbele ikazwe kwa kamba juu ya kikinga-jua, isifunike kioo. Hakikisha kuna tundu la mguu wa tripodi na mikono miwili ya kuingiza viganja.

Kioo cha kutazamia. Tundu lake ndilo linaloingiza maji kwenye kamera nyingi. Vifuniko kama vya Think Tank huhitaji kipande cha kuvalisha kwenye kioo hicho, na kila aina ya kamera ina chake. Kisipopatikana kinachoingia kwenye kamera yako, chukua kifuniko chenye dirisha angavu nyuma.

Miiba na vumbi. Msitu wa Kitui Kusini ni wa migunga. Kitambaa chembamba kama cha mwavuli hakitoboki kwa mvua, hutoboka kwa miiba. Vumbi jekundu nalo hula zipu, kwa hivyo velkro na kamba ni afadhali. Rangi iwe moja, kijani au kahawia. Epuka madoadoa ya kijeshi. Vizuizini yanaweza kukuletea maswali usiyoyahitaji.

Kabla ya kukiamini, kijaribu nyumbani. Vika chupa kubwa iliyozungushiwa karatasi ya tishu, mwagia maji kwa kopo la bustani dakika kumi, kutoka juu na kutoka kando. Tishu ikiwa kavu, una kifuniko.

Mvua ikiisha, kazi haijaisha. Kifuniko huzuia maji kuingia na pia mvuke kutoka. Kivue mara moja, futa lenzi, kianike kivulini, usikikunje kibichi. Kamera iliyofungiwa na unyevu huota kuvu ndani ya vioo, na kuvu ikishakula utando wa kioo hairekebishiki. Vifuko vya silika ndani ya boksi linalofungwa vizuri ni kinga rahisi.

Neno la mwisho ni la roho, si la vifaa. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Mito ya mchanga ya Ukambani huonekana mikavu asubuhi na hujaa mchana kwa mvua iliyonyesha mbali. Kifuniko kizuri humpa mpiga picha ujasiri wa kusimama mvuani, na ujasiri huo ukomee ukingoni. Lenzi ndefu imetengenezwa ili upige kutoka mbali. Basi simama mbali, juu ya ardhi ya mwinuko, picha utaipata tu.