Uchovu ulivyopata kiti chuo kikuu

Mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilifungua maabara katika sehemu ya chini kabisa ya Morgan Hall, jengo la shule yake ya biashara. Mle ndani mlikuwa na mashine ya kukimbilia, baiskeli isiyokwenda popote, mifuko ya kukusanyia pumzi na vyombo vya kupimia damu. Kazi ya waliokuwamo ilikuwa kujibu swali ambalo kila mkulima, kuli na askari amekutana nalo mwilini mwake: mtu huchoka vipi, na kwa nini huyu huchoka mapema kuliko yule? Mahali hapo pakaitwa Maabara ya Uchovu.

Kuiweka katika shule ya biashara kulikuwa na sababu. Lawrence Henderson, mtaalamu wa kemia ya damu aliyeiasisi, aliamini kwamba kazi ya kiwandani haiwezi kueleweka kwa hesabu za mapato na matumizi peke yake. Anayesukuma mtambo ana moyo, mapafu na misuli, na vyote vina kanuni zake. Uongozi wa kila siku alikabidhiwa David Bruce Dill, mwanakemia aliyeishi kupima watu wakiwa kazini, juani na milimani.

Kijana anayejiunga leo na shahada ya sayansi ya mazoezi hukuta anatomia, fiziolojia, biomekaniki, lishe, saikolojia na takwimu vimepangwa pamoja kama vitu vilivyozaliwa siku moja. Ukweli ni kwamba somo hili lilibisha hodi vyuoni kwa muda mrefu. Lilifunguliwa mlango, likatolewa nje, likarudi.

Mwanzo wake ulikuwa kwenye kumbi za jimnastiki. Mwaka 1813 Pehr Henrik Ling, mwalimu wa kupigana kwa vitara, alianzisha jijini Stockholm taasisi ya kufundisha walimu wa mazoezi ya viungo. Mfumo wake ulienea Ulaya, shuleni na majeshini. Lakini mwalimu aliyehitimu alijua zoezi lipi lifuate lipi. Kilichokuwa kikitendeka ndani ya mwili wakati wa zoezi hilo hakuwa na chombo cha kukipima.

Harvard ilijaribu kuziba pengo hilo mapema sana. Mwaka 1891 ilianzisha idara ya anatomia, fiziolojia na mazoezi ya mwili chini ya daktari George Wells Fitz, ikiwa na maabara ambamo mwanafunzi alitakiwa kufanya majaribio kwa mikono yake. Haikudumu. Karne ya 20 ilipoingia, idara ilikuwa imekwisha kufungwa, na kwa miaka mingi mafunzo ya elimu ya viungo Marekani yakabaki kuwa ya kuandaa walimu wa shule.

Swali lenyewe halikufa. Lilihamia kwa wanafiziolojia. Huko Manchester, mwanzoni mwa miaka ya 1920, Mwingereza A. V. Hill alivaa mfuko mgongoni, akakimbia kuzunguka kiwanja na kuikusanya hewa aliyoitoa ili aipime. Aliona kwamba kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo mwili unavyotumia oksijeni zaidi, hadi unapofika kikomo: hata mtu akizidisha mbio, oksijeni haipandi tena. Kikomo hicho ndicho kinachopimwa hadi leo katika kila maabara ya michezo. Hill alishinda Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, akigawana na Mjerumani Otto Meyerhof, kwa utafiti wa misuli. Fiziolojia ya mkimbiaji ilikuwa imepata heshima ambayo mwalimu wa jimnastiki hakuwahi kupewa.

Maabara ya Uchovu ilichukua kazi hiyo na kuipeleka mbali. Miongoni mwa waliopanda kwenye mashine yake alikuwa Clarence DeMar, mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji aliyeshinda mbio za marathoni za Boston mara saba. Watu wa kawaida walipokimbia kwa mwendo uleule, damu yao ilijaa asidi ya laktiki. Ya DeMar ilibaki karibu na hali ya mtu aliyepumzika.

Watafiti hawakuridhika na kukaa Boston. Katika kiangazi cha 1932 walikwenda jangwa la Nevada, ambako bwawa kubwa la Hoover lilikuwa likijengwa na joto lilikuwa limeshaua vibarua. Walipima jasho na mkojo, wakaonyesha kwamba anayetoka jasho jingi hupoteza maji na chumvi pia, na kwamba mwili uliozoea joto hujifunza kuibana chumvi hiyo. Ushauri wa kuongeza chumvi kwenye chakula cha wafanyakazi ulitokana na vipimo hivyo. Mwaka 1935 walipanda milima ya Andes nchini Chile, wakaishi na wachimba salfa waliokuwa na makazi kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 5,300 na kupanda kila siku kwenda machimboni juu zaidi. Watafiti wenyewe walipiga kambi kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 6,000, wakitoboana mishipa na kupimana damu.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, maabara ikageukia mavazi, chakula na ukakamavu wa askari. Mwaka 1947, miaka miwili baada ya amani, Harvard ikaifunga. Ilikuwa mara ya pili kwa chuo hicho kulifungia mlango somo lilelile.

Kufungwa huko hakukulizuia kuenea. Waliopitia pale walitawanyika katika vyuo vingine, wakafungua maabara zao. Ancel Keys alikuwa ameshakwenda Minnesota, na Sid Robinson alikuwa Indiana. Mdenmarki Erik Hohwü Christensen, aliyekuwa miongoni mwa waliopanda Andes, alichukua uprofesa Stockholm mwaka 1941, katika taasisi ileile ya Ling. Chini yake Per-Olof Åstrand alipima watoto, wanaume na wanawake, na tasnifu yake ya mwaka 1952 ikawa msingi wa kujua uwezo wa mwili hubadilikaje kwa umri na jinsia.

Katika jiji hilohilo, Jonas Bergström aliifufua sindano ya kuchukua kipande kidogo cha msuli wa mtu aliye macho. Yeye na mwenzake Eric Hultman wakajitoa wenyewe kuwa wa kujaribiwa. Walikaa kwenye baiskeli moja, huyu upande huu na yule upande wa pili, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja hadi ukaishiwa nguvu, huku mguu mwingine ukipumzika. Siku zilizofuata walikula wanga kwa wingi. Walipochoma sindano tena, mguu uliofanya kazi ulikuwa umejaza glikojeni, akiba ya sukari ya msuli, karibu maradufu ya ule uliopumzika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1966. Mkimbiaji anayeshiba ugali au tambi katika siku za mwisho kabla ya marathoni anatumia ugunduzi wa miguu ya watu hao wawili.

Wakati huo London, jibu jingine lilikuwa limepatikana bila sindano. Daktari Jeremy Morris alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa. Walitoka katika mazingira yanayofanana, wakapanda gari lilelile, lakini dereva alikaa kutwa ilhali kondakta alipanda mamia ya vidato kila zamu akikata tiketi. Mwaka 1953 Morris alionyesha kwamba makondakta waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na walipougua, wachache zaidi walikufa ghafla. Tangu hapo, kutosogea kukawa jambo la kuchunguzwa na madaktari wa afya ya jamii, na sayansi ya mazoezi ikapata kazi nje ya uwanja wa michezo.

Vyuo, hata hivyo, vilikuwa bado vinasitasita. Mwaka 1963 James Conant, aliyekuwa rais wa Harvard wakati Maabara ya Uchovu ilipofungwa, alitoa kitabu kuhusu mafunzo ya walimu Marekani, akaishambulia vikali elimu ya viungo katika ngazi ya shahada za juu na kupendekeza ifutwe. Mwaka uliofuata Franklin Henry wa Berkeley, California, alichapisha makala akieleza kwamba mwendo wa binadamu ni uwanja kamili wa elimu: unachota kutoka fiziolojia, fizikia, saikolojia na historia, lakini una maswali yake ambayo hakuna somo jingine linaloyabeba yote. Hoja hiyo ilibadilisha mitaala. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kikafungua idara ya kinesiolojia, yaani elimu ya mwendo wa binadamu, na vyuo vingi vikafuata.

Mwaka 1968 Olimpiki ilifanyika Mexico City, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Wakenya walitamba: Kipchoge Keino alimshinda Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500, Naftali Temu akachukua mita 10,000, na Amos Biwott mbio za kuruka viunzi na maji. Macho ya wanasayansi yakageukia Bonde la Ufa. Mwaka 1990 Bengt Saltin, Mswidi aliyelelewa kitaaluma Stockholm, alikwenda na vyombo vyake Iten kupima wanariadha na wanafunzi. Kikomo chao cha oksijeni hakikuwapita sana wakimbiaji wa Skandinavia. Tofauti ilijitokeza kwenye matumizi: Wakenya walitumia oksijeni kidogo kwa mwendo uleule. Tena, wavulana waliokwenda shule kwa miguu kila siku walikuwa na uwezo mkubwa kuliko wenzao wasiotembea.

Kwa muda mrefu, mchango wa Afrika Mashariki katika sayansi hii ulikuwa damu, pumzi na vipimo vya miguu. Anayeuliza swali alitoka ng'ambo. Michael Boit ni mmoja wa waliogeuza hali hiyo. Alipata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, akasoma Marekani hadi shahada ya udaktari katika elimu ya viungo, kisha akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2006 yeye na Vincent Onywera wa chuo hichohicho, pamoja na wenzao wa Glasgow, walichapisha uchunguzi wa wanariadha 404 wa Kenya. Waliwauliza mambo ambayo mgeni mwenye mashine huenda asingeyatilia maanani: lugha ya nyumbani, umbali wa shule, namna ya kufika, na kilichowasukuma kukimbia. Wengi walikuwa wamekimbia kwenda shule, na wengi waliona katika mbio njia ya kujikwamua kimaisha. Tafiti za jeni zilizoendeshwa miaka hiyo hazikupata ile jeni ya ushindi iliyokuwa ikitajwatajwa magazetini.

Onywera aliendelea na swali zito zaidi kwa mamilioni ambao hawatavaa medali. Vipimo vya watoto nchini Kenya vimeonyesha wa vijijini wakisogea kuliko wa mijini, na uzito ukianza kupanda mjini. Basi la shule, bodaboda na skrini vinaondoa mwendo uleule uliomjenga mwanariadha, na hospitali zetu zinapokea kisukari na shinikizo la damu. Hapa ndipo shahada hii inapostahili kupewa uzito, Nairobi na Dar es Salaam, ambako bado huonekana kama kimbilio la wapenda mpira. Mhitimu wake anaweza kumrudisha mgonjwa wa kiharusi kwenye kutembea, kupanga kazi ya kibarua asizimie juani, na kuishauri halmashauri wapi pajengwe njia ya waenda kwa miguu.

Na kazi haihitaji kusubiri maabara ya gharama. Luc Léger wa Montréal alibuni mwaka 1982 kipimo cha kukimbia mita 20 kwenda na kurudi kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha. Kwa uwanja wa shule, spika na daftari, mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukadiria uwezo wa moyo na mapafu ya darasa zima katika kipindi kimoja, akarudi mwaka unaofuata kuona umepanda au umeshuka.